Mlio wa Pikipiki ya Wifi Shemsa

Mtaani kwetu Miembeni kila mtu alikuwa fundi wa kitu asichokuwa nacho. Hakuna aliyekuwa na pikipiki mtaa mzima ila wifi yangu Shemsa, lakini siku pikipiki hiyo ilipoanza kulia, mafundi walimiminika utadhani wameitwa karamuni. Muuza kahawa alisema ni pistoni. Mshona viatu akasema ni beringi. Mzee mmoja jirani yetu, ambaye umri wake wote hajapanda hata baiskeli, akasema injini imepasuka kwa ndani na haifai tena ila kuzikwa. Mimi Biasha niliwasikiliza mpaka nikachoka, nikawaambia waende makwao wakatazame vyungu vyao visije vikaungua, nikafunga mlango. Nina ulimi, sikatai.

Shemsa alikuwa mke wa kaka yangu Msabah. Kaka ni baharia wa meli za mbali; kwa mwaka tulimwona mara moja, akaja na zawadi na hadithi, mara huyo kaondoka. Tukabaki nyumbani wanawake watatu: mama yetu Bi Mwanapili, mimi niliyeachika nikarudi kwetu, na Shemsa. Naye Shemsa alikuwa mkunga. Si ukunga wa kurithi kwa bibi, bali wa kusomea hospitali, wenye gauni jeupe na mkoba. Ndani ya mkoba huo alikuwa na kipembe cha mti, ile pembe fupi ambayo mkunga huisimamisha juu ya tumbo la mja mzito, akatega sikio upande wa pili na kusikiliza moyo wa mtoto. Kile kipembe alikipenda kuliko bangili zake. Akikifuta kwa kitambaa kila jioni.

Mwaka huo wa sabini kazi yake ilikuwa kwenda Chwaka na vijiji vya njiani, Jumatatu na Alhamisi, kuwapima wanawake. Mwanzo alikuwa akingoja gari la abiria la shamba, nalo lile gari huondoka likijaa, na hujaa likitaka. Akifika Chwaka jua la utosi, wanawake wamemngoja wamechoka, kila mmoja kaenda zake pwani au kupiga makumbi ya nazi. Basi anarudi mjini na mkoba wake kama alivyokwenda, na roho inamuuma. Mara moja alirudi akakuta habari imemtangulia, kwamba Sichana wa Chwaka kazaa mtoto kafa, na ilikuwa mara ya pili. Usiku ule hakula.

Pale Idarani, ofisi ya afya iliyomwajiri, palikuwa na pikipiki ya Kijerumani, buluu, iliyokuwa ya bwana mmoja mganga. Bwana yule alihamishiwa Pemba, chombo kikabaki kimelala chini ya turubai, kuku wanataga juu yake. Shemsa akaenda kuiomba. Wakamcheka. Akarudi kuiomba tena, wakamcheka kidogo. Alivyokuwa king'ang'anizi huyu mwanamke, mpaka msimamizi wa magari, Bwana Matar, akachoka kumwona mlangoni. Akamwambia mbele ya watu kwamba atampa, lakini siku chombo kikipata hitilafu kitarudi Idarani moja kwa moja na yeye atarudi wodini mjini, na mambo ya mwanamke kupanda pikipiki yatakuwa yamekwisha. Shemsa akasema, "Nimekubali." Akajifunza uwanja wa Mnazi Mmoja asubuhi asubuhi, akavaa suruali chini ya gauni, buibui akalikunja kwenye mkoba, na haukupita muda akawa anakwenda Chwaka na kurudi watu bado hawajala mchana.

Mama yangu, Mungu amrehemu, hakulikubali jambo lile hata chembe. Mama alikuwa mtu wa kujiweka. Hukumwona akitoka chumbani bila nywele kusukwa, wanja machoni na kanga zimekaa sawa, hata kama safari yake ni ya jikoni. Mkwewe kukaa juu ya chuma kinachounguruma, miguu huku na huku, kwake ilikuwa aibu ya kuhama nayo mtaa. Nje, jirani akithubutu kusema neno, mama alimkata maini palepale. Ndani alimgeukia Shemsa mwenyewe. Lile pikipiki alikuwa halitazami. Akipita ukumbini huzungukia upande wa pili na kulivuta vazi lake lisiliguse.

Sasa tuje kwenye kuanguka. Ilikuwa Jumatatu, kumenyesha mvua ya vuli, na karibu na Dunga pana kona ambapo mikokoteni huacha tope. Gurudumu la mbele liliteleza, pikipiki ikalala ubavu wa kushoto, na Shemsa nayo. Hakuumia ila goti lilichunika. Kikanyagio cha kushoto kilipinda, akakigonga kwa jiwe kikanyooka, akapiga teke injini ikawaka, akaenda zake Chwaka akapima wanawake wake wote, Sichana akiwa mmoja wao, maana alikuwa na mimba nyingine, kubwa. Alimwahidi Sichana kwamba safari hii hatomwacha peke yake. Akarudi mjini. Kwenda na kurudi, injini haikutoa mlio wowote. Hilo litieni akilini, maana Shemsa alilisema mpaka likatuchosha na hakuna aliyemsikiliza, na mimi nikiwemo.

Mama alipoliona gauni lina damu gotini alikaa chini kwenye jamvi. Hakupiga kelele. Alinigeukia mimi, Shemsa kasimama palepale mbele yake, akasema, "Mwambie wifi yako, mwanangu yuko baharini. Akirudi sitaki nimpokee kwa msiba." Tangu hapo hakumsemesha tena. Akanuna mnuno wa kwao, ule wa kupitishia maneno kwangu. Shemsa yupo hatua mbili, anaambiwa kupitia kwangu kwamba chai tayari. Mimi nikawa kama posta. Nikamwambia mama kwamba mimi si mjumbe wa Baraza, akanitazama tu, na macho yake yalikuwa matupu, hayana wanja. Nikadhani kasusa mpaka kujipamba, nikamwacha.

Alhamisi Shemsa aliondoka kama kawaida. Aliporudi niliona uso wake tu nikajua. Alisema pikipiki inalia. Akiwa njiani kwenye mawe, kwa mwendo mdogo, kinasikika kitu kama chuma chembamba kinagongana na chuma kingine, mara kipo mara hakipo. Akifika kwenye lami nzuri kinanyamaza. Akiisimamisha na injini inawaka palepale, kimya kabisa. Na mbaya zaidi, alipotia petroli dereva mmoja wa Idara aliusikia ule mlio wakati Shemsa anaingia, na dereva yule mdomo wake hauna kizibo. Kabla ya alasiri ujumbe ukatufikia: Bwana Matar atakuja Jumamosi adhuhuri kuipanda mwenyewe, na ikilia anaondoka nayo.

Shemsa hakulia wala hakulalamika. Alivua gauni jeupe, akavaa kanga mbovu, akapiga magoti ukumbini mbele ya lile dude. "Kilichoingia lazima kina mahali kilipoingia," alisema, na akaanza.

Kwanza aliipeleka kwa Fundi Makungu, gereji yake nyuma ya soko la Darajani. Makungu nilimpenda kwa kuwa hasemi asichokijua, na mafundi wa namna hiyo ni wachache. Aliiwasha, akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akasikiliza huku na huku. Akampa Shemsa asikilize na yeye. Akasema anachokisikia yeye ni injini nzima. Lakini inawezekana beringi ya ndani imeumia pale ilipoanguka, na hiyo husema inapobeba uzito tu, si pale imesimama. Kuijua kwa hakika lazima aipasue injini, na akiipasua, beringi yenyewe kisiwani hapa haipo. Shemsa akamwambia tena kwamba ilipoanguka haikulia, ilianza kulia baada ya kulala nyumbani. Makungu akasema binadamu naye akianguka leo huumwa kesho. Shemsa akasema, "Hapana, fundi. Usiipasue." Makungu akamwazima spana zake bila kunung'unika.

Ijumaa, tangu alipotoka kazini mpaka usiku, alikuwa anafungua na kufunga. Nakumbuka alivyofanya, maana sijamwona mtu mwenye subira ya namna ile na mimi subira sinayo. Aligusa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Alikaza mnyororo, akatoka nayo mpaka kwenye njia ya mawe ya Kilimani, akarudi: inalia. Akatoa kile kibati kinachofunika mnyororo, akatoka, akarudi: inalia. Akafunga kisanduku cha spana kwa kitambaa, akatoka, akarudi. Kikanyagio kilichopinda alikitoa kabisa, akaenda mguu unaning'inia. Kila akirudi nilimwuliza kwa macho na yeye alitikisa kichwa, akafuta mikono, akashika kingine. Jirani yetu Mwatum alikuja mlangoni akamwonea huruma, akamwambia wodini mjini nako kuna riziki na kivuli. Shemsa akamjibu kwa adabu kwamba wodini wapo wakunga wengi, na Chwaka yupo mmoja. Mwatum akaondoka.

Na mama? Mama alikaa chumbani kwake na tasbihi, mlango wazi, pazia limeshushwa. Nilimwambia kwamba kesho wanakuja kuichukua. Nilidhani atashukuru. Alisema, "Waichukue," halafu akakohoa, akaniuliza kwani kina ugonjwa gani. Nikamwambia hakuna ajuaye. Akaendelea na tasbihi yake.

Jumamosi asubuhi Shemsa alitoa kipembe kwenye mkoba. Aliiwasha pikipiki ukumbini, nyumba nzima ikajaa moshi, akakiweka kipembe juu ya injini na sikio upande wa pili, macho kayafumba, kama vile afanyavyo juu ya tumbo la mwanamke. Akahama kidogo, akasikiliza. Akahama tena. Alipoizima alikuwa na doa jeusi la mafuta sikioni, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akatabasamu.

"Wifi," aliniambia, "huyu tumboni mzima. Mlio uko nje ya tumbo. Lakini hautoki mpaka atembee, na mimi nikiendesha siwezi kuinama nikasikiliza."

Nikamwuliza kwa hiyo anataka nini. Akanitazama. Nikamwambia hapana. Akaendelea kunitazama. Nikamwambia mimi ni mtu mzima, nimezaa, nina heshima zangu, na kwamba kama kuna mtu atakayepanda nyuma ya lile dude na kuinamia injini kwa pembe ya wakunga katikati ya mji, huyo mtu hakuzaliwa na Bi Mwanapili. Akasema, "Wifi, Sichana n'lishamwahidi." Basi. Nikaenda kuvaa buibui.

Wallahi sikuwahi kuaibika namna ile. Nilikaa upande, miguu yote kushoto, mkono mmoja nimemkumbatia Shemsa kiunoni na mkono mwingine nimeshika kipembe. Alinifundisha kabla hatujaondoka: nikishike kwa vidole vilegevu, nisikibane, maana nikikibana nitasikia mkono wangu mwenyewe, nikitulize mahali pamoja mpaka niwe na yakini, ndipo nihame. Tukatoka. Watoto walitukimbilia nyuma wakicheka, wanaume barazani walisimama na vikombe vya kahawa mkononi. Nikawakumbuka wote mmoja mmoja, nije niwashughulikie baadaye. Tulipofika njia ya Kilimani, kwenye mawe na mashimo, Shemsa akapunguza mwendo.

Niliinama. Buibui likanipiga usoni, nikalitafuna ili litulie. Niliweka kipembe kwenye chuma chini ya kiti, nikategea sikio: ngurumo tu, nzito, kama watu wanaotwanga mbali. Nikahamisha mbele. Ngurumo. Nikainama zaidi mpaka kiuno kikalia, nikakiweka ubavuni mwa tangi, karibu na goti la Shemsa. Tukapita juu ya jiwe.

Nikausikia.

Kwanza sikuamini, nikakiacha kipembe palepale kama nilivyofundishwa. Tukapita jiwe jingine. Ting', halafu kimya, halafu ting' ting', nyepesi, safi, ya shaba. Mtu mwingine yeyote angesema ni msumari au kipande cha beringi. Mimi mlio ule niliulalia na kuuamkia. Kila alfajiri ya utoto wangu, kabla sijafungua macho, nilimsikia mama akichovya kijiti cha wanja kwenye kidau chake cha shaba, kile cha harusi yake, na kijiti kile kina mnyororo mdogo unaokifunga na kidau kisipotee. Kikigonga mdomo wa kidau kinalia hivyo hivyo. Ndiyo iliyokuwa saa yangu ya kuamkia.

"Simamisha," nilimwambia Shemsa.

Alisimamisha kando ya njia. Niliingiza mkono chini ya tangi, kwenye ule uwazi mwembamba juu ya injini ambamo nyaya hupita, ambapo mtu haoni kitu ila vumbi na mafuta. Nikapapasa. Kulikuwa na kitu kimefungwa kwa ukanda wa kaniki, mweusi kama vumbi lenyewe, na ukanda umelegea kwa joto na mafuta, kitu kikaning'inia. Nikakivuta. Kilikuwa cha moto, karibu kinichome. Kidau cha wanja cha mama, kimefutwa wanja wote, na ndani yake karatasi iliyokunjwa kunjwa ikiwa imejazwa mpaka juu, na kijiti chake kando, kwenye mnyororo.

Tulikitazama kwa muda. Halafu mimi nikapandwa na hasira zangu zote. Nilisema tumekesha, tumekufa kwa dhiki, fundi alitaka kuipasua injini, na kumbe hirizi. Na kumbe yeye. Yeye anayelizunguka lile dude asiliguse kwa ukingo wa kanga, kaamka lini, kainama vipi kwa magoti yale yanayomuuma, kafunga saa ngapi. Nikasema nnakipeleka sasa hivi nikakiweke mbele yake nimwulize alikuwa anataka nini. Nikataka kuifungua ile karatasi nione kaandikiwa na nani. Shemsa akanishika mkono.

"Usiifungue," alisema. "Hirizi ya ngozi ingeungua, wifi. Ndiyo maana akatia kwenye shaba. Alikaa akafikiri itaungua."

Akakaa chini kwenye majani, akalia. Mwanamke ambaye alianguka kwenye tope akainuka akaenda kazini, ambaye hakutoa chozi siku mbili zile zote, akalia palepale kando ya njia ya Kilimani, mafuta sikioni, kidau mkononi. Na mimi hasira zikanitoka nikabaki nimesimama tu nalilinda buibui langu lisipeperushwe na upepo. Baadaye akajifuta, akasema saa zinakwenda, Bwana Matar anakuja.

Tukaipanda bila kidau tukazunguka njia ile yote, mawe na mashimo, kipembe kwenye tangi. Haikutoa mlio. Nikamwambia basi, yamekwisha, tumrudishie mwenyewe kidau chake. Akakataa. Alitoa bendeji kwenye mkoba na kipande cha pamba. Akafungua ule mnyororo mdogo, akakitenga kijiti, akakitia mfukoni. Kidau akakizungushia pamba, akakifunga na bendeji kama anavyofunga kitovu, akakirudisha chini ya tangi, mahali pale pale, akakikaza kwa waya kisitikisike. Nikamwuliza kama ana wazimu.

"Kwa mkono wake amekitia," alisema. "Mimi nani nikitoe?"

Bwana Matar alifika adhuhuri kama alivyoahidi, pamoja na yule dereva mwenye mdomo. Barazani pakajaa watu, wale mafundi wa mtaa wote, waone msiba. Bwana Matar alikuwa mtu mzito, hasalimii sana. Akaipanda, akatoweka nayo muda mrefu, na muda wote huo Shemsa alisimama mlangoni mikono nyuma, kidevu juu. Nyuma yetu pazia la chumba cha mama lilitikisika, likatulia. Aliporudi, akaizima, akamwuliza dereva uko wapi ule mlio alioupeleka Idarani. Dereva akaangalia viatu vyake. Bwana Matar akamgeukia Shemsa akamwuliza kulikuwa na nini.

"Kuna kitu kilikuwa kinaning'inia, bwana. Nimekifunga."

"Kitu gani?"

"Cha hapa nyumbani," Shemsa alisema.

Bwana Matar alimtazama, akatazama tangi, akatazama mlango wetu. Sijui alielewa nini; naye ana mama. Akasema Jumatatu aende Chwaka, na goti alitie dawa, akaondoka. Muuza kahawa akaanza kueleza kwamba alijua tangu mwanzo si pistoni. Nikamwuliza kama mkaa wake haujazimika.

Alasiri, mama alipotoka kutawadha, Shemsa aliingia chumbani kwake peke yake na kukiweka kile kijiti cha wanja juu ya sinia lake, pale mahali pake, karibu na chupa ya marashi. Akatoka akakaa ukumbini akaanza kumenya muhogo, na mimi nikakaa karibu yake. Tukamsikia mama anasali. Tukamsikia anamaliza. Kisha kimya kirefu, na nikajua kaona.

Alitoka kakishika kijiti mkononi. Alisimama mbele ya Shemsa, si mbele yangu, na macho yake yale matupu yalikuwa mekundu.

"Ndicho kilichokuwa kinalia?" alimwuliza.

"Ndicho, mama."

"Umekitupa?"

"Sikukitupa. Kipo pale pale ulipokitia. Nimekifunga vizuri tu."

Mama akakaa kwenye kigoda, magoti yakalia. Akakizungusha kile kijiti vidoleni, akakiangalia. Nilingoja atasema nini, na mdomo wangu nimeubana, jambo ambalo watu wa Miembeni hawatoliamini.

"Nilijua huachi," alisema. "Nilikuona goti linatoka damu na macho yako yako njiani. Nikasema, maadam radhi yangu hakuingoja, basi dua yangu aende nayo."

Shemsa akaacha muhogo, akamshika mama mikono, na mikono yake ina unga wa muhogo na mafuta ya injini. Mama hakuiondoa. Nikainuka nikaenda jikoni, nikajishughulisha na chungu kisichokuwa na kitu, maana mimi pia ni mtu.

Jumatatu asubuhi Shemsa alitoa pikipiki nje. Mama alimfuata mpaka mlangoni, kanga zimekaa sawa, na machoni kajitia wanja kwa kuuchovya kwenye kichupa cha dawa, umekaa kombo kidogo upande mmoja. Watu wa mtaa walikuwa wamekwisha amka wanatazama. Mama akaligusa tangi kwa vidole viwili, juu ya pale kilipofungwa kidau.

"Umekikaza?"

"Nshakikaza, mama."

"Haya, nenda. Sichana anakungoja."

Na Shemsa akaenda zake Chwaka, injini inaunguruma na hakuna kingine kinachosikika. Mama alibaki mlangoni mpaka ngurumo ilipopotea upande wa Mwembeladu, kisha akanigeukia akaniuliza nimesimama nini na chai haijatiwa moto.